Jina la Kweli Kwenye Kitabu cha Wageni

Katika likizo yangu ya mwezi Juni niliamua kusafiri peke yangu, nikiwa na begi moja la mgongoni, kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, nikipitia miji ya pwani ya kusini ambayo mtu wa bara kama mimi huisoma katika vitabu vya historia kabla hajaiona kwa macho. Nilikuwa na siku kumi na mbili. Nilikuwa pia na shehena ya tahadhari nilizokusanya kwa wanawake wenzangu waliowahi kusafiri peke yao, na karibu zote zilikuwa na shina moja: usimwamini mtu. Usiseme unakokwenda, usikiri kwamba huna mwenzako, usitoe namba yako ya simu, usikubali bei ya kwanza wala ya pili. Nilizishika kama mwanafunzi anavyokariri kanuni usiku wa kuamkia mtihani, bila kujiuliza zimetungwa kwa ajili ya nani na mahali gani.

Uongo wa kwanza niliusema ndani ya basi, kabla hata hatujavuka mto Rufiji. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza ninakwenda kwa nani, nami nikamjibu kwamba mume wangu ananisubiri Lindi. Akafurahi, kwa kuwa na yeye alikuwa wa Lindi, akauliza tunakaa mtaa gani. Sikuwa najua hata mtaa mmoja wa mji huo. Nilibabaika nikasema kwamba amehamia hivi karibuni na bado sijapazoea, na mama wa watu, ambaye bila shaka alikwisha kulea watoto wa kutosha kuutambua uongo unaposemwa, akageukia dirisha na kulitazama Daraja la Mkapa tulipokuwa tukilivuka. Daraja hilo lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo wasafiri wa kusini walivushwa kwa kivuko, na mvua zilipozidi waliweza kukwama njiani. Nadhani mama yule angenisimulia habari za enzi hizo kama ningempa nafasi. Hatukusemezana tena mpaka niliposhuka Nangurukuru, kwenye njia panda ya kuelekea Kilwa Masoko.

Katika nyumba ya wageni niliyofikia Masoko, kijana wa mapokezi alinisogezea kitabu cha wageni, lile daftari kubwa lenye safu za jina, namba ya simu, atokako na aendako. Niliandika jina langu la kwanza, nikabuni la pili, nikabadilisha tarakimu mbili za mwisho za namba yangu, na chini ya safu ya aendako nikaandika Dodoma. Kijana akasoma, akaniangalia, akasoma tena. “Dodoma, dada? Kwa kupitia Kilwa?” Nikamwambia ndiyo. Akafunga kitabu kwa adabu na kunipa ufunguo.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Kilwa Kivinje, na kwa sababu sikumwamini yule kijana wala kitasa chake, nilikwenda na begi langu lote. Lilikuwa na uzito wa kilo kumi na nne. Ndani yake mlikuwa na suruali mbili za jinsi, koti, viatu vya ziada, taulo nene na vitabu vitatu, vitu ambavyo kila kimoja nilikuwa na sababu nzuri ya kukichukua nilipokuwa bado nyumbani. Sitawachosha wasomaji kwa habari za suruali hizo, isipokuwa niseme kwamba moja niliifua siku ya kwanza na mpaka siku ya tatu ilikuwa bado na unyevu kiunoni, maana hewa ya bahari haikaushi nguo nzito hata jua liwake namna gani. Taulo nalo lilianza kunuka uvundo mapema. Doti moja ya kanga niliyoinunua baadaye ilifanya kazi ya taulo, shuka, mtandio na pazia la dirisha, ikakauka ndani ya saa moja.

Kivinje ni mji wa majumba ya zamani ambayo mengi yamebaki kuta, yenye mizizi ya miti iliyopenya kwenye mawe, na katika karne ya 19 ulikuwa bandari kubwa ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, ikiwemo misafara ya watumwa. Baadaye Wajerumani waliufanya kituo cha utawala wao. Nilitaka kufika mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, panapokumbukwa kwa watu walionyongwa wakati wa Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905. Nilitembea saa sita mchana, begi mgongoni, chupa ya maji ikiwa imekwisha tangu saa nne. Watu husema Juni ni mwezi wa baridi pwani, na kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa ukinipuliza usoni sikuhisi jinsi jasho lilivyokuwa likinitoka na kukauka. Ghafla nikasikia baridi, katikati ya jua kali, na ukuta niliokuwa nikiutazama ukaanza kwenda upande.

Aliyenishika ni muuza madafu mwenye baiskeli. Alinivua begi kabla sijamruhusu, nami katika hali ile ya kizunguzungu bado nilinyoosha mkono kuling’ang’ania. Aliliweka miguuni pangu ili niliguse, akaniketisha kivulini, akafyeka dafu na kunipa, kisha la pili. Nilipotaka kulipa akachukua ya dafu moja tu. Jioni ile nilitengeneza maji ya chumvi na sukari kwa kipimo tulichofundishwa kwa ajili ya watoto wanaoharisha, yaani vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, nikayanywa taratibu mpaka usiku. Toka siku hiyo sikutembea tena kati ya saa tano na saa tisa alasiri. Mji wenyewe hufanya hivyo hivyo. Ukiona barabara nzima imehamia barazani, ujue hapo hapana la mgeni kujifanya shujaa.

Sasa nifike kwenye siku niliyokwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Kilwa. Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilikuwa nimekwisha kupata kibali katika ofisi ya mambo ya kale pale Masoko na kupangiwa mwongozaji, kwa kuwa magofu hayatembelewi bila vitu hivyo viwili. Kilichobaki kilikuwa chombo. Nahodha niliyemkuta ufukweni, mzee wa makamo mwenye kikoi kilichopauka, alinisikiliza nilipomweleza kwamba nataka kuondoka saa mbili na nusu asubuhi na kurudi saa sita, ili niwahi basi la Lindi la saa saba. Akatikisa kichwa. “Dada, leo bamvua. Tukienda saa hiyo, saa nne chombo kitakuwa kimekaa mchangani, na hakitainuka mpaka baada ya adhuhuri. Twende alfajiri, au tungoje alasiri.”

Mimi sikujua bamvua ni nini. Nilichosikia ni mtu anayetafuta sababu ya kuniongezea bei. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba wapo manahodha wengine. Hakubishana, aliangalia maji, akasema, “Haya, twende,” kama mtu anayemwachia mtoto ashike kaa la moto apate kujua.

Nilipopanda chombo, akanizuia kwa mkono. “Fungua mikanda ya begi, yote miwili, ya kifuani na ya kiunoni. Begi likianguka peke yake tutaliokota. Ukianguka nalo umelifunga, litakuvuta chini.” Katika tahadhari zangu zote, zile za wezi, walaghai na wanaume wasumbufu, hapakuwa na hata moja iliyohusu maji. Nilifungua mikanda. Mpaka leo, niwapo kwenye kivuko chochote, mkono wangu hutangulia kwenye bizimu kabla mguu haujakanyaga ubao.

Kisiwani penyewe hapakunivunja moyo. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, bado una matao na makuba ambayo yanamfanya mtu apunguze sauti bila kuambiwa. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, limesimama juu ya genge la mwamba linaloitazama bahari, na ndani yake kuna birika la pembe nane ambalo maji yake yalikwisha karne nyingi zilizopita. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji huu kwa uzuri wake. Wareno walifika mwaka 1505 na kuupora. UNESCO iliyaweka magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikayahesabu kuwa hatarini tangu 2004 hadi 2014, na moja ya sababu ni mawimbi yanayomega ufuko ambao kuta zimesimama juu yake. Yote haya nilisimuliwa nikiwa naangalia saa.

Tuliporudi ufukweni saa sita kasoro, bahari haikuwepo. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye, kama mimi, amekulia kwenye ziwa lisilosogea: pale tuliposhukia kwenye maji ya magotini sasa palikuwa uwanja wa mchanga na matope uliokwenda mbali, wanawake wameinama wakichokoa chaza, na chombo chetu kimelala ubavu kama ng’ombe anayecheua. Tumepwelewa. Nahodha alikuwa amejinyoosha kwenye kivuli cha Gereza, ile ngome iliyo karibu na bahari, kofia usoni. Hakusema “nilikwambia.” Aliniuliza kama nimekula.

Nilikaa naye saa mbili, na hizo ndizo saa nilizosoma. Kwa kijiti mchangani alinichorea mwezi. Ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji mbali, na hayo huitwa maji mafu. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika hamsini kuliko jana yake. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hukauka kuelekea saa tano asubuhi na kujaa jioni, kwa hiyo mtu anayeujua mwezi wa jana usiku hahitaji kumuuliza nahodha ratiba, ingawa ni vyema aulize. Alinieleza pia kwamba kusi iliyokuwa ikivuma ilikuwa njema kwa anayekwenda kaskazini, na kwamba mimi niliyekuwa nikienda kusini nilifanya vizuri kupanda basi. Huo ulikuwa mzaha wake wa pekee siku ile.

Nikakumbuka maelezo ya mwongozaji kwamba Kilwa ilinawiri kwa sababu vyombo vya Uarabuni na India viliweza kuifikia kwa upepo wa msimu mmoja, na ilikuwa vigumu kwenda kusini zaidi na bado vikawahi upepo wa kurudi, hivyo dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini iliyo Msumbiji ya leo, ikapitia mikononi mwa watu wa Kilwa. Mji mzima, pamoja na jumba lile la genge, ulijengwa na watu waliojua kusubiri. Mimi nilikuwa nikilalamikia basi la saa saba.

Maji yaliporudi yalikuja kimya, yakijaza kwanza mifereji ya mchangani, na tukalazimika kukifuata chombo kwa miguu. Nahodha aliniambia niburuze nyayo, nisizinyanyue, kwa kuwa taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani kwenye maji machache, na ukimsukuma kwa ubavu wa mguu atakimbia, bali ukimkanyaga mgongoni atakuchoma. Tulikwenda hivyo hatua kama mia mbili, yeye mbele, mimi nyuma, tukiburuza miguu kama wazee wawili wenye kandambili kubwa. Tulifika Masoko saa tisa. Kwa kuwa alikosa chenji ya noti zangu za elfu kumi, nilimlipa kwa simu, bei ile ile tuliyopatana asubuhi, wala hakudai ya kungoja.

Basi la alasiri sikulipanda, maana lingenifikisha Lindi usiku. Kwenye miji hii giza huingia mara moja. Jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na baada ya nusu saa hivi huoni uso wa mtu. Katika tahadhari nilizokwenda nazo, hii ya kufika mahali pageni kabla ya magharibi ndiyo ninayoishika hata sasa bila kulegeza.

Lindi nilifika kesho yake mchana, na huko nikapatikana na lile nililokuwa nikiliogopa. Nyumba ya kwanza niliyolala, ambayo sitaitaja, ilikuwa na komeo lililolegea, nami nikaliona, nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Usiku wa manane mtu alijaribu mlango, akaita “dada” mara mbili kwa sauti ya chini, akaondoka. Nilisogeza meza mlangoni nikakaa macho hadi adhana ya alfajiri. Nasema haya ili nisieleweke kwamba nahubiri watu wamwamini kila anayewasogelea. Komeo ni la kukaguliwa kabla ya kulipa, na chumba kisichofungika ni cha kukataliwa hata mtu awe amechoka vipi.

Asubuhi nilihamia nyumba nyingine, jirani na baraza ambapo bibi mmoja alikuwa akisuka ukili. Nikamwamkia shikamoo. “Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka kwa nani, unakwenda kwa nani?” Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nilisema kweli: sina mtu, bibi, natembea tu nione pwani. Alisuka kidogo, akafikiri. “Basi kuanzia leo umetoka kwangu.” Jioni nilipotaka kwenda kuona watu wakivuka na kurudi kutoka Kitunda, ng’ambo ya ghuba, alimtuma mjukuu wake wa kiume, mtoto wa miaka kumi hivi, anisindikize. Kila tulipopita, mtoto yule alijibu maswali kwa niaba yangu: “Mgeni wa bibi.” Na hapo maswali yakakoma.

Nilianza kuyatenganisha maswali. Anayekuuliza unakwenda kwa nani, mchana kweupe, mbele za watu, anataka kujua akuweke kwenye fungu gani na nani aulizwe ukipotea. Anayekuuliza umelala chumba namba ngapi anataka jambo jingine kabisa. Mimi nilikuwa nimewajibu wote jibu moja.

Siku hiyo hiyo simu yangu iliita namba nisiyoijua. Alikuwa nahodha. Kijana wa nyumba ya wageni ya Masoko, alisema, ananitafuta tangu jana. Amepiga namba niliyoiandika kitabuni, ikapokelewa na mtu wa Tabora aliyemtukana. Akateremka ufukweni kuuliza nani alimpeleka Kisiwani dada mwenye begi kubwa, na nahodha akaipata namba yangu ya kweli kwenye ujumbe wa malipo. Nilikuwa nimesahau kipochi changu. Kilikuwa chini ya godoro, nilikokificha ili kisiibwe, na ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya benki na shilingi elfu arobaini. Sikuwa nimegundua kabisa.

Kijana alikikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi. Nilimngojea stendi ya Lindi, na basi liliposimama kondakta akashuka na bahasha iliyofungwa kwa gundi, akalisoma jina lililoandikwa juu. Lilikuwa lile la kubuni. Nikasema ni langu. Akaomba kitambulisho. Nikamweleza kwamba kitambulisho kimo ndani ya bahasha. Akasema afungue basi, alinganishe. Nikamwambia, huku watu wanne watano wakisikiliza, kwamba jina atakalolikuta ndani si hilo la juu. Kondakta aliirudisha bahasha kwapani.

Ilibidi ampigie kijana wa Masoko simu, akaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Alimweleza mavazi yangu, rangi ya begi, urefu wangu. Kijana hakusita. “Mpe, ndiye huyo huyo,” alisema. “Yule anayekwenda Dodoma.”

Kabla sijaondoka Lindi nilirudisha nyumbani kwa basi mzigo wa kilo sita, suruali na koti na vitabu, nikabaki na begi ninaloweza kulinyanyua kwa mkono mmoja. Mikindani nilifika nikiwa mwepesi, saa nane mchana, na nikangoja jua lipungue ndipo nikapanda kulitazama boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kutembea kando ya ghuba ambayo Livingstone aliiacha mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Mji ni mdogo na mtulivu, na maji siku hiyo yalikuwa mafu. Niliuangalia mwezi usiku wake, nusu kamili, nikafurahi kwamba nilikuwa nimekisia sawa.

Mhudumu wa mapokezi, mama wa rika la mama yangu, alinipa kitabu. Niliandika jina langu lote. Atokako: Lindi. Aendako: Mtwara. Namba ya simu niliikagua mara mbili. Akakigeuza kitabu upande wake, akasoma kwa kidole.

“Mtwara una ndugu?”

“Sina, mama. Niko peke yangu.”

Akaichukua simu yake mezani, akaanza kuihifadhi namba yangu huku akiitamka tarakimu moja moja. “Basi ukifika,” akasema, “nitumie ujumbe.”